Kuteleza Mawimbini Pwani ya Mtwara na Lindi: Mwongozo Kamili wa Usalama na Adabu kwa Anayeanza

Mafunzo mengi ya kuteleza juu ya mawimbi yanayozunguka mtandaoni yametengenezwa kwa ajili ya fukwe za mchanga za Australia au California, zenye waokoaji vibandani na bendera za rangi. Pwani yetu ya kusini ni nyingine. Siku nyingi za mwaka mawimbi yetu ni madogo, kwa sababu Madagaska inatukinga na sehemu kubwa ya mawimbi ya bahari ya kusini, na yale makubwa huvunjikia kwenye mwamba wa nje kabla hayajafika ufukweni. Cha kuogopa kwetu ni mwamba uliojificha chini ya maji ya magotini, maji yanayotoka kwa kasi wakati wa kupwa, na ukweli kwamba ukipata shida, wa kukuokoa ni mvuvi aliye karibu, kama yupo.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na maji na watu wa ufukweni. Ubao unakuja baadaye. Umeandikwa kwa ajili ya kijana wa Shangani, Mikindani, Msimbati, Mchinga au Kilwa Masoko ambaye amepata ubao, awe ameuziwa na mgeni anayerudi kwao, ameazimwa, au ana kile kifupi cha kulalia tumbo.

Kwanza ujue kuogelea

Hapa sina huruma. Asiyejua kuogelea asipande ubao hata kwenye maji ya kiunoni. Ubao unaelea, lakini kamba inayokufunga nao inaweza kukatika, na wimbi likikuangusha dakika hiyohiyo unabaki na mikono yako tu.

Kipimo ninachokipendekeza: uogelee mita 200 bila kushika chini, kisha ukae mahali usipofika chini kwa dakika kumi, kichwa juu, bila kuhema ovyo. Fanya hivyo kwenye maji matulivu, mtu akikuangalia. Ghuba ya Mikindani upande wa ndani inafaa sana kwa zoezi hili maji yakiwa yamejaa. Ukishindwa, endelea na kuogelea mpaka uweze.

Soma maji kabla ya kufunga safari

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana jedwali la maji kichwani: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15, ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana; karibu na tarehe 7 au 8, na tena 22 au 23, ni maji mafu, yanaposogea kidogo. Nguvu ya bamvua hufika kilele siku moja au mbili baadaye. Kwenye pwani hii bamvua kubwa hupandisha na kushusha bahari kwa zaidi ya mita 3. Maji mafu hayafikii hata nusu ya hapo.

Saa zake nazo zina mpangilio. Wakati wa bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukauka mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: kujaa kunaangukia karibu na saa nne, kupwa karibu na saa kumi. Jambo hili lina uzito kwa anayeanza. Jumamosi ya bamvua ukitoka nyumbani saa tatu asubuhi ukidhani umewahi, utakuta mwamba uko wazi, akina mama wanachokoa pweza, na bahari iko mbali. Jumamosi ya maji mafu, saa hiyohiyo ni nzuri kabisa.

Tena maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hutoka kidogo, ya pili yanaongeza, na saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia: nusu ya maji yote huondoka katika saa hizo mbili. Kwa bamvua ya mita 3, hiyo ni mita moja na nusu. Pale ulipokuwa na maji ya kifuani utajikuta na maji ya magotini juu ya matumbawe, huku maji yote yaliyokuwa ndani ya mwamba yanatafuta mlango wa kutokea.

Kanuni yangu kwa anayeanza ni moja: ingia katika saa mbili za mwisho za kujaa, na utoke maji yanapogeuka. Yakiwa yanajaa, mwamba umefunikwa vizuri, na ukichoka yanakurudisha. Yakiwa yanakupwa, ukichoka yanakupeleka.

Upepo na tahadhari

Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na kusi huchukua nafasi yake kuanzia Aprili au Mei. Juni hadi Agosti kusi huwa kali, bahari inachafuka na mawimbi yanakuja bila mpangilio. Kwa anayeanza huo si msimu wa kwenda mbali na ufukwe. Vipindi vya kupokezana pepo hizi mbili ndivyo vyenye bahari tulivu.

Umande wa asubuhi, yaani upepo wa nchi kavu, unastahili neno lake. Unatoka nchi kavu kwenda baharini, na unalainisha uso wa maji hata mawimbi yananyooka vizuri. Unavutia, lakini ubao wa povu ni mwepesi na umande unausukuma kuelekea Komoro. Asubuhi ya umande usivuke mahali unapofika chini kwa miguu.

Kila mara sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wakitoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2 kwa pwani ya kusini, siku hiyo haina mjadala. Na kumbuka kwamba vimbunga si hadithi kwetu. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kenneth ilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na watu wa Mtwara walitakiwa kuhama maeneo ya hatari. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya ilitua Mafia. Zote ni Aprili na mwanzo wa Mei. Mawimbi ya kimbunga hutangulia upepo wake, yakafika anga likiwa bado jeupe, makubwa na yamepangika. Ukiona mawimbi ya namna hiyo katika miezi hiyo bila upepo wa kuyaeleza, uliza kwanza.

Chagua mahali

Tafuta ufukwe wenye mchanga chini, wimbi dogo linalovunjika mbali na mwamba, na njia pana ya kutokea. Nenda ukautazame maji yakiwa yamekupwa kabisa, utembee kule utakakoteleza siku nyingine. Utaona mawe yote, mashimo, vigingi vya mwani na vipande vya chuma. Ziara hiyo ya saa moja ina faida kuliko video zote.

Shangani pana mawe ya matumbawe yanayojitokeza maji yakipwa, basi ni mahali pa maji kujaa tu. Msimbati kuna mchanga mzuri na mrefu, lakini ukielekea Ruvula kina kinaporomoka karibu sana na ufukwe na mkondo unapita kwa nguvu. Baki upande wenye maji mafupi. Eneo hilo lote limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo lipa ushuru, usikanyage matumbawe hai na usiondoke na kombe. Mdomo wa Ruvuma wenyewe usiuguse: mto una mamba, maji ni ya matope na mkondo hautabiriki.

Kwenye ghuba ya Lindi maji ya Lukuledi yanatoka pamoja na maji ya kupwa, na vyombo vinavuka kwenda Kitunda. Usiweke ubao kwenye njia ya kivuko. Lango la ghuba ya Mikindani na lango la bandari ya Mtwara vilevile si mahali pa kuchezea: ni membamba, na maji ya ghuba nzima yanapita hapo.

Piga hodi ufukweni

Kila ufukwe una wenyewe hata kama hauna ukuta. Kabla ya kuingia, sogea pale wavuvi wanaposhona nyavu au walipokaa chini ya mkungu. Mazungumzo hayachukui dakika tano.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo mzee. Tunaomba kuuliza, tunataka kuteleza na ubao hapa. Mkondo wa hapa unatokea wapi?"

"Mnaona pale maji yameiva, hayana povu? Ndio mlango. Msisogee. Na kule kwenye maboya kuna jarife ya Saidi."

Kwa swali moja umepata mlango wa mwamba, yaani pengo linalopitisha mkondo, na mahali pa jarife, yaani wavu uliotegwa, vitu ambavyo hakuna programu ya simu itakayokuonyesha. Na muhimu zaidi, sasa kuna watu wanaojua kwamba uko majini. Kama kuna kikundi cha BMU (cha wanakijiji wanaosimamia uvuvi wa ufukwe), mweleze mmoja wao saa unayotarajia kutoka.

Mavazi nayo ni sehemu ya hodi. Majini vaa suruali fupi ya kufika magotini na fulana ya mikono mirefu inayobana. Inakukinga na jua na mikwaruzo kwa pamoja. Ukitoka, jifunge kikoi au kanga kabla ya kupita kijijini. Ijumaa adhuhuri, watu wakielekea msikitini, usiwakatize mbele ukiwa unachuruzika maji.

Vifaa

Ubao wa kwanza uwe mkubwa na laini, wa povu, futi 8 au zaidi kwa mtu mzima. Ubao mfupi mgumu wenye pua kali unapendeza kwenye picha, lakini utakuvunja meno. Kifupi cha kulalia tumbo kinafaa sana kwa mawimbi yetu madogo, na mimi ningemshauri kila mtu aanze nacho. Ubao wa kujichongea usiwe na misumari wala kona kali.

Kamba ya mguuni ifungwe kwenye kifundo cha mguu wa nyuma kwa mkanda wa kubandika unaofunguka kwa mvuto mmoja. Urefu wake ukaribiane na urefu wa ubao. Usitumie kamba ya nailoni iliyopigwa fundo: ikinasa kwenye mwamba au kwenye jarife, fundo lililolowa halifunguki. Jizoeze kuufungua mkanda huo macho yakiwa yamefumbwa.

Miguuni vaa viatu vya plastiki vinavyoshika kisigino au raba kuukuu. Kandambili zitakutoka wimbi la kwanza. Na ufukweni acha dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ndefu. Hilo ndilo boya lako la kuokolea, na kazi yake inaelezwa mbele kidogo.

Jua la hapa hupita utosini Februari na Oktoba, na mawinguni pia linaunguza. Kunywa maji kabla ya kuingia, na somo moja lisizidi saa moja.

Majini: anza kwenye povu

Usiende moja kwa moja nyuma ya mawimbi. Simama kwenye maji ya kiunoni, mahali wimbi limekwisha vunjika na kuwa povu. Tembea kwa kuburuza nyayo mchangani, usizinyanyue. Taa aliyejifukia akisikia mchanga unatikisika huondoka, akikanyagwa huchoma.

Shika ubao ubavuni, pua yake ikielekea baharini. Kamwe usiuweke kati yako na wimbi, maana wimbi likiupiga utakuja usoni kwako. Geuka, lala tumbo katikati ya ubao, povu likufikishe ufukweni. Rudia hivyo siku kadhaa kabla ya kujaribu kusimama. Kusimama ni tendo moja: viganja chini ya kifua, sukuma, miguu yote ije kwa pamoja, magoti yakunje, macho yatazame mbele badala ya kutazama vidole.

Kuanguka kunafundishwa kama kusimama kunavyofundishwa. Anguka kwa ubavu au makalio, mwili ukiwa umetandaa, usiingie kamwe kwa kichwa. Chini ya maji funika kichwa na shingo kwa mikono yote miwili. Ukiibuka, mkono utangulie, kwa sababu ubao unaweza kuwa juu yako. Juu ya mwamba usijaribu kusimama kwa miguu mara tu unapoanguka. Jitandaze, uelee, uvute ubao kwa kamba, ulalie.

Adabu ya wimbi

Mnapokuwa wawili tu kila mmoja anajichukulia. Mkifika watano, bila kanuni mtaumizana. Hizi zinafuatwa duniani kote.

Wimbi moja, mtu mmoja. Mwenye haki ni aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanzia kuvunjika. Ukimwona amekwisha simama upande wako, acha, hata kama wimbi lilikuwa zuri. Kumwingilia mbele ndiko kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu mbao mbili zikikutana kwa kasi, mapezi yake yanakata nyama.

Usizunguke nyuma ya mwenzako kila mara ili uwe ndani zaidi yake. Umepata wimbi lako, rudi ungoje zamu.

Unaporudi nje, pita pembeni, mbali na wanapotelezea watu. Ukishtukizwa na mtu anakuja, elekea upande wa povu nyuma yake, ukubali kupigwa na maji, kuliko kukimbilia mbele yake. Na ubao usiuachie ukaruka peke yake. Kamba ikinyooka, ubao unafika mbali na watoto wanaoogelea hawauoni. Watoto wakijaa mahali, hama wewe. Ukimgonga mtu, simama, omba radhi, hakikisha yuko salama kabla ya wimbi jingine.

Kanuni zetu wenyewe zinatangulia hizo zote. Anayefanya kazi baharini ana haki kuliko anayecheza. Ngalawa au mashua inayokuja na tanga haiwezi kusimama kwa ajili yako, na nahodha anayeingia na shehena ya samaki ana macho kwenye mwamba. Toka njiani mapema, si dakika ya mwisho. Chupa za plastiki na vipande vya povu vinavyoelea kwa mstari ni maboya ya jarife: kaa mbali, angalau mita 50, na usivute kamba yoyote kwa udadisi. Usipite juu ya mashamba ya mwani. Kamba moja iliyokatwa na pezi la ubao ni mapato ya mama fulani. Ukiharibu wavu au mwani, nenda mwenyewe ukaseme na ulipe. Ufukwe wote utakukumbuka kwa hilo, na kwa kinyume chake pia.

Ukisikia mlio wa baruti ya wavuvi haramu, toka majini mara moja. Mshindo huo husafiri mbali chini ya maji, na mapafu ya binadamu hayauhimili.

Mkondo ukikuchukua

Utajua umeingia kwenye mkondo ukiona unapiga mikono lakini mti uliouwekea alama ufukweni hausogei, au unasogea upande usioutaka. Usishindane nao. Usiuache ubao kwa sababu yoyote ile. Lala juu yake, pumua, inua mkono mmoja juu na uushushe polepole, upige kelele mwenzako wa ufukweni akuone. Kisha piga mikono kwenda ubavuni, sambamba na ufukwe, mpaka uhisi mvuto umelegea, ndipo urudi kwa mshazari.

Kwenye mlango wa mwamba kuna jambo la kuongeza. Ubavuni mwa mlango mawimbi yanavunjikia matumbawe, na maji yakiwa machache hapo ni pabaya kuliko mkondo wenyewe. Basi acha ukutoe nje ya mwamba, ambako mara nyingi nguvu zake huisha, ukae juu ya ubao, ungoje chombo. Ndiyo maana ya yule mzee uliyemsalimu.

Mwenzako akizama

Usimrukie. Anayezama humpandia anayemwokoa, na siku hiyo hufa wawili. Mrushie lile dumu, umwambie alikumbatie, umvute kwa kamba. Kama hafikiki, mwite mwenye chombo, na mtu mwingine apige 114 kwa Zimamoto na Uokoaji au 112.

Akitolewa hajitambui na hapumui vizuri:

1. Mlaze chali mahali pagumu. Usimning'inize kichwa chini wala usimminye tumbo ili atapike maji. Unapoteza muda na matapishi yanaingia mapafuni.
2. Inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi tano mdomoni, ukiangalia kifua kinapanda. Aliyezama amekosa hewa kwanza, ndiyo maana pumzi zinatangulia.
3. Weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 30, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika.
4. Mpulizie pumzi mbili, rudi kwenye mikandamizo 30. Pokezaneni mkichoka, msiache mpaka apumue au mhudumu wa afya afike.

Hata akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mapafu yaliyoingia maji huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Miiba, michomo na mikwaruzo

Aliyechomwa na taa, na miiba ya wanyama weusi wa mwambani, au na samaki wa sumu anayefanana na jiwe, atumbukize mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto linapunguza maumivu ya sumu hizo. Mwenye afya pembeni ayapime maji kwanza kwa mkono wake, kwa sababu mguu uliochomwa hauhisi vizuri. Kisha hospitali, hasa kama mwiba umebaki ndani. Konyeza, yule mnyama laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha, akikugusa, suuza kwa maji ya bahari bila kusugua na uondoe nyuzi zake kwa kibanzi.

Mkwaruzo wa matumbawe usiudharau hata ukiwa mdogo. Vipande hubaki ndani na kidonda hutunga usaha. Uoshe kwa maji safi na sabuni, utoe kila chembe, na kama hujachomwa sindano ya pepopunda kwa miaka mingi, pita kituo cha afya.

Kabla hamjaondoka, hesabuni watu na mbao, kisha mmoja wenu arudi kwa wale mliowapigia hodi awaambie kwamba wote mmetoka. Asipofanya hivyo, jioni kuna mtu atakayewasha injini na kuchoma mafuta yake akimtafuta aliyekwisha fika kwao anakula.